Vibreketi Visivyouzwa Dukani

Anayejiundia gari la michezo hupiga picha siku fremu ilipokamilika. Ana haki ya kujivuna, ila ukweli ni kwamba fremu ni sehemu nyepesi. Ukiwa na mchoro mzuri, unakata mabomba ya mraba ya inchi moja yenye unene wa milimita 1.6, unayapanga na kuyachomelea. Njia hiyo ilienezwa na Mwingereza Ron Champion mwaka 1996, katika kitabu cha kuunda gari kwa pauni 250 linalofuata umbo la Lotus Seven ya mwaka 1957. Kinachowashinda wengi ni kinachofuata: kishikizo cha betri, vibano vya waya, vibreketi vya breki na vikorokoro vingine ambavyo hakuna duka linaloviuza, kwa kuwa gari lenyewe ni moja tu duniani.

Chukua breketi inayoshika bomba la breki pale linapoungana na mpira wa breki wa gurudumu la mbele. Ni kipande cha bati la chuma la milimita 3, kidogo kama kisanduku cha kiberiti. Anza na kadibodi. Ikunje, iweke mahali pake, kisha kata usukani mpaka mwisho kulia, halafu kushoto, gurudumu likiwa limebebwa na jeki, na tena likiwa linaning'inia. Wengi hupima gari likiwa limetulia, na baadaye mpira wa breki ukaja kusuguliwa na tairi kila linapokata kona. Kadibodi ikikubali, hamishia umbo kwenye bati. Toboa kabla ya kukunja, na kutoka katikati ya tundu hadi ukingoni pabaki angalau mara mbili ya kipenyo chake. Penye pembe ya ndani, toboa kwanza kijitundu ambapo mikato miwili itakutana, msumeno ukomee hapo. Pembe kali ndiyo mlango wa ufa, na breketi ya gari haipumziki kutetemeka. Malizia kwa tupa mpaka kidole kipite bila kukwaruzika.

Bomba lenyewe nalo lina siri yake. Shaba tupu hukunjika vizuri mkononi, lakini mtetemeko huifanya kuwa ngumu kidogo kidogo mpaka inapasuka. Bora aloi ya shaba yenye nikeli asilimia 10 hivi, ibanwe kila baada ya sentimita 30.

Hayo yangetosha Nairobi. Hapa pwani, Kuruwitu jirani na Vipingo, kuna chumvi. Kusi likivuma, chumvi huingia hata ndani ya banda lililofungwa, na penye chumvi na unyevu, metali mbili tofauti zikigusana hugeuka betri. Aluminiamu ikikutana na chuma, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Lakini ukubwa nao una neno: riveti ndogo ya chuma kwenye bati pana la aluminiamu huchelewa kuleta madhara, ilhali riveti ya aluminiamu kwenye bati pana la chuma hugeuka unga mweupe upesi. Dawa ni kuzitenganisha. Paka praima pande zote mbili, weka washa ya nailoni au utepe wa mpira katikati, na uchovye riveti kwenye silanti kabla ya kuibana. Mafundi wa majahazi wa pwani hii walilijua jambo la namna hiyo zamani: hutoboa mbao kwa keke kwanza, na msumari huzungushiwa pamba yenye mafuta ili maji yasipate njia.

Bati la aluminiamu nalo lichague kwa kazi. La aloi ya magnesiamu, lile la kuundia boti, hukunjika bila kupasuka na hustahimili bahari. Lile gumu la kuundia fremu hupasuka ukilikunja kwa pembe kali.

Kwa kuogopa kutu, wengine huweka bolti za stenlesi kila mahali. Hapo ndipo ninapogombana nao. Soma kichwa cha bolti: 8.8 maana yake inahimili mvuto wa niutani 800 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kukatika. A2-70 ya stenlesi ni 700, na huanza kurefuka moja kwa moja mapema zaidi. Stenlesi ifunge bodi na dashibodi. Mikono ya gurudumu na usukani vifungwe kwa 8.8 iliyopakwa zinki, uikague na kuibadilisha kutu ikianza.

Serikali ya Kenya yenyewe ilipitia njia hii ya kujiundia gari. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, na mwaka 1990 magari matano ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani. Fedha za kuyaunda kwa wingi hazikupatikana. Kilichobaki ni karakana, ambayo leo ni Numerical Machining Complex, na kazi yake ni kuchonga vipuri. Wengi huisimulia hadithi hiyo kama aibu. Mimi naona kipuri ndicho kilichokuwa kigumu kupatikana tangu mwanzo, na gari ni matokeo yake.

Mpangilio wa kazi, basi. Unga gari zima bila rangi, na breketi zote na matundu yote ya waya, kila tundu likiwa na kola ya mpira, kwani waya uliochunwa na ukingo wa bati huunguza gari. Hakikisha kila kitu kinatembea. Kisha fungua tena mpaka ibaki fremu tupu, ndipo upake rangi. Tundu linalotobolewa baada ya rangi, hata la milimita 3, kwa chumvi hii huanza kulia kutu ya kahawia kabla ya masika kwisha.