Fahamu: Kwa nini foleni hukwama kwenye makutano

Asubuhi na jioni, foleni nyingi za Dar es Salaam huanzia pale barabara mbili zinapogombea nafasi moja.

Tatizo liko wapi?

Magari Tanzania hupita kushoto, hivyo anayekata kulia hulazimika kukatiza njia ya wanaokuja mbele yake. Daladala nayo ikisimama kushusha abiria mita chache baada ya taa, magari ya nyuma hubaki katikati ya makutano. Hapo hata mwenye taa ya kijani hasogei.

Barabara za juu zimesaidiaje?

Zimetenganisha mikondo ya magari. Pale Tazara, Daraja la Mfugale, lililozinduliwa 2018, limeipandisha Barabara ya Nyerere juu ya ile ya Mandela. Daraja la Kijazi la Ubungo, lenye ngazi tatu, lilizinduliwa Februari 2021.

Je, zinatosha?

Hapana. Foleni inaweza kuhamia makutano yanayofuata. Zipo hatua nafuu zinazostahili kupewa uzito: njia maalumu ya kukata kulia, na vituo vya daladala vilivyoingia pembeni, mbali na taa. Mfumo wa mabasi ya Mwendokasi, ulioanza 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, nao husaidia kwa kuwa una njia yake. Basi lake moja refu hubeba abiria ambao wangejaza magari madogo kadhaa.