Foleni ya hospitali ina hesabu yake

Je, umewahi kujiuliza kwa nini unaamka alfajiri, unafika kliniki saa moja, na bado unamwona daktari karibu saa sita mchana? Jibu la wengi ni kwamba madaktari ni wachache. Ni kweli, hawatoshi. Lakini hata penye madaktari wa kutosha, foleni haitapungua ikiwa hakuna aliyeketi akaipigia hesabu.

Ipo taaluma ya hesabu hiyo, nayo huitwa utafiti wa utendaji: kuipima kazi jinsi inavyoendelea, kwa saa na daftari, kabla ya kuamua ibadilishwe vipi. Haikuanzia hospitalini. Mwaka wa 1909 A. K. Erlang, mwanahisabati wa kampuni ya simu mjini Copenhagen, alichapisha hesabu za jinsi simu zinavyoingia bila mpango. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, wanasayansi wa Uingereza kama Patrick Blackett walitumia vipimo vya aina hii kulisaidia jeshi kuwinda nyambizi. Kisha mwaka wa 1952 Norman Bailey akaupeleka ujuzi huo kwa wagonjwa waliokuwa wakingoja madaktari katika kliniki za Uingereza.

Tuchukue mfano. Daktari mmoja anatumia dakika 6 kwa kila mgonjwa, na wagonjwa 40 wameambiwa waje saa mbili asubuhi. Wa mwisho atangoja dakika 234, karibu saa nne nzima. Kwa wastani kila mtu atangoja karibu saa mbili. Sasa waite 10 saa mbili, 10 saa tatu, 10 saa nne na 10 saa tano. Wastani wa kungoja unashuka hadi dakika 27. Daktari ni yule yule, na atamaliza saa sita mchana vile vile.

Bila shaka wagonjwa si matofali. Mmoja humaliza kwa dakika 3, mwingine ana shinikizo la damu na kisukari na maswali mengi, na anahitaji 20. Mwingine amekwama kwenye msongamano wa magari. Bailey aliliona hilo. Alipendekeza wagonjwa wawili waitwe mwanzoni, halafu mmoja mmoja kwa kadiri ya muda ambao daktari hutumia kwa kawaida, ili daktari asikae bure na chumba kisijae.

Jambo linalowashangaza wasimamizi wengi ni jinsi foleni inavyokua. Daktari huyo anaweza kuhudumia watu 10 kwa saa. Wakija 8 kwa saa bila mpango, hesabu ya kawaida ya foleni inaonyesha kila mmoja atangoja wastani wa dakika 24. Wakija 9, dakika 54. Yaani umeongeza mtu mmoja tu, na kungoja kumezidi mara mbili. Ndiyo sababu mimi huwa na wasiwasi nikisikia msimamizi akijisifu kuwa watumishi wake hawapumziki hata dakika moja.

Kosa lingine ni kuongeza nguvu mahali pasipobana. Ikiwa wagonjwa wamerundikana kwenye maabara yenye hadubini moja, kuajiri daktari wa pili ni sawa na kuweka madereva wawili katika matatu moja. Karani anaweza kuligundua hilo kwa wiki moja: aandike kwenye kadi saa mgonjwa alipofika, alipoonwa, alipotoka maabara na alipopata dawa. Sisi madaktari tulifunzwa kupima damu na mkojo; kupima muda wa mgonjwa wengi wetu tumelazimika kujifunza baadaye kazini.

Msomaji asidhani suala hapa ni uvumilivu tu. Chumba kilichojaa, kisichopitisha hewa, ni mahali pazuri pa kuambukizana kifua kikuu. Na kwa mtoto mgonjwa sana, foleni huua.

Hospitali moja kubwa ya umma mjini Blantyre, Malawi, ilifungua upya idara yake ya watoto Januari 2001. Wafanyakazi walifunzwa kumkagua kila mtoto mara anapofika na kumtanguliza aliye hatarini, na vyumba vikapangwa upya ili wagonjwa wapite bila kusongamana. Kabla ya hapo, kati ya watoto 100 waliolazwa, 10 hadi 18 walikufa. Baadaye wakawa 6 hadi 8. Mwaka wa 2005 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo wa kuwafunza wahudumu kuwapanga watoto kwa njia hiyo, na humu nchini pia mafunzo ya aina hiyo yametolewa.

Wewe uliye kwenye benchi unaweza pia kupiga hesabu. Hesabu walio mbele yako, kisha uone wangapi wanaitwa kwa robo saa. Wakiwa 32 na wanaitwa 4, utangoja takriban saa mbili. Muulize muuguzi kama unaweza kwenda kupimwa damu wakati huo. Lakini ikiwa mtoto uliyembeba anapumua kwa shida, ana degedege, amelegea kabisa au haamki, usihesabu mtu. Pita wote, umwite muuguzi kwa sauti.