MAJI TWAHARA, JE, NI MAJI SALAMA?



Mgeni afikaye Ikola, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Katavi, hustaajabu akiambiwa kwamba hapo nako kuna haja ya kuzungumza habari za maji. Ziwa liko mbele ya macho yake, kina chake chapata mita 1,470, na duniani pote ni Ziwa Baikal peke yake linalolipita kwa kina. Maji ni maangavu, dagaa na migebuka huvuliwa humo, na mwenye kiu huinama tu akateka. Lakini katika vijiji vingi vya mwambao huu, hapo hapo yanapotekwa maji ya kunywa ndipo vyombo vioshwapo, nguo zifuliwapo na watoto waogapo; na penye upungufu wa vyoo, wako pia waendao haja ufukoni gizani.

Mtu akishauriwa asinywe maji hayo mpaka yachemshwe, mara nyingi hutujibu kwa elimu tuliyompa sisi wenyewe walimu wa chuo. Husema, "Maalim, si mlitufundisha kuwa maji mengi hayanajisiki?" Jibu hilo yatupasa kulitafakari, kwani ni kweli tulilifundisha. Katika madhehebu yetu ya Shafi, maji yakifika kulateni, ambazo hukadiriwa kuwa lita zipatazo 200, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi ila yabadilike rangi, ladha au harufu. Na ziwa ni kulateni zisizo na hesabu. Basi maji yake ni twahara, yafaa kutawadhia na kukogea janaba, wala hukumu hiyo hatuigusi.

Kosa letu ni kuwa tulikomea hapo. Hukumu ya twahara ni ya ibada. Haikuwekwa iwe kipimo cha maradhi. Kijidudu cha kipindupindu hakibadili rangi ya maji, wala ladha, wala harufu. Mwaka 1854, katika mtaa wa Broad Street mjini London, watu walikuwa wakiyasifu maji ya bomba moja la kisima kwa uzuri wake. Mjane mmoja aliyehama mtaa huo aliyapenda hata akawa akiletewa mbali alikohamia; akayanywa, akafa kwa kipindupindu. Watu zaidi ya 600 walikufa katika maradhi yale, na tabibu John Snow akaonyesha kuwa sababu ni kisima hicho kilichoingiwa na uchafu wa choo.

Wala jambo hili haliko ng'ambo tu. Mwezi wa Mei 2015, wakimbizi wengi kutoka Burundi walipojazana Kagunga, kijiji cha mwambao wa ziwa letu hili upande wa Kigoma, kipindupindu kiliingia kikaua makumi ya watu, ilhali maji matwahara yalikuwa miguuni mwao. Tena mwaka 2020 na 2021 ziwa lilipanda, likafunika makazi ya watu wa kando yake. Na shimo la choo likifunikwa na maji, kilichomo hutoka.

Dini yetu tukufu haikutuacha bila mwongozo. Bwana Mtume (S.A.W.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, akahadharisha juu ya kwenda haja penye maji, njiani na kivulini, kwani hayo huleta laana. Aliamrisha vyombo vifunikwe usiku, na aamkaye aoshe mikono kabla ya kuitia chomboni. Mwenye kushika hayo huitunza ibada yake na jirani yake pamoja.

Basi kila nyumba na ifanye haya. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote sana, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Yawekwe katika chombo chenye kifuniko, yatekwe kwa kata yenye mpini, mkono usiingie. Choo kichimbwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, na penye mchanga ukuta wa shimo ujengewe usibomoke. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula. Wako wanaoiogopa harufu ya dawa wakidhani maji hayafai tena kutawadhia. Mabadiliko machache ya kitu kilicho twahara hayaondoi jina la maji, wala hayabatilishi udhu.

Akishikwa mtu na kuharisha kwa maji maji, apewe haraka lita moja ya maji yaliyochemshwa, yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, anywe kidogo kidogo huku akipelekwa zahanati.

Nasi walimu tuongeze somo. Mtoto tumwulizaye, "Maji haya ni twahara?" tumwulize na la pili, "Je, ni salama kunywa?" Na mwenye uwezo akumbuke kuwa Saad bin Ubada (R.A.) alipouliza sadaka iliyo bora kwa ajili ya mamaye marehemu, alijibiwa kuwa ni maji, akachimba kisima. Kisima kilichojengewa na kufunikwa, au choo cha msikiti chenye maji na sabuni, ni sadaka isiyokatika hata baada ya mauti.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wajitwaharishao, na awakinge watoto wetu. Amin.