Dume wa mbegu, usimuuze kwa bei ya nyama

Mfugaji mdogo wa Lubarika hawezi kukaa na dume mmoja miaka yote. Binti zake wakifika umri wa kupandwa na baba yao angali zizini, damu inajirudilia, ndama wanatoka zaifu. Basi inabidi kumuuza angali na nguvu.

Shida inaanzia sokoni: mchinjaji anahesabu nyama tu. Kumbe dume mmoja anaweza kutosha majike 20 hadi 30. Bei yake ni wale ndama.

Kwa mnada, wanunuzi wanapandishiana bei mbele ya watu. Lakini lazima wawe angalau wawili wanaomtaka kweli. Akiwa mmoja, bei inalala. Kwa hiyo:

- Julisha mapema wafugaji wa Luvungi, Luberizi na Sange.
- Onyesha mama yake na ndama zake.
- Daktari wa wanyama ampime brusela, ugonjwa unaotosha mimba, na unaopita hata kwa watu kwa njia ya maziwa mabichi. Karatasi inasema kuliko mdomo.
- Panga bei ya mwisho ukiwa nyumbani. Wasipoifikia, rudi naye.