Simba Iliyokosa Mwenyewe

Msafiri atokaye mjini Bungoma kwa barabara ya Chwele, akafika Kibabii na kubisha hodi katika ua wa mtu aliyekwisha kulea watoto wake wakatoka, ataona jambo ambalo wenyeji wamelizoea hata hawalioni tena: majengo mengi, watu haba. Pana nyumba kubwa ya wazazi, jiko limejitenga nyuma yake, ghala ya mahindi imesimama juu ya miguu yake, na kando ya lango pana kijumba kimoja au viwili vyenye kufuli iliyoshika kutu. Hizo ni simba, nami naharakisha kumtoa hofu msomaji wa pwani: simba ya huku si mnyama, ni nyumba ya mvulana aliyebaleghe, ambayo aghalabu husimamishwa karibu na wakati wa tohara, na tohara ya Wabukusu hufanywa mwezi wa Agosti katika miaka inayogawanyika kwa mbili.

Kijana akisha kupata kazi Nairobi au kipande cha shamba upande wa Kitale huondoka, simba ikabaki. Wazee wengi wangali wakiona si adabu baba kuvuka kizingiti cha mwanawe, sembuse kulala humo. Kwa hiyo wazazi wanaosongamana ndani na wajukuu, magunia na kuku hupita asubuhi na jioni mbele ya chumba kitupu wasichokithubutu, na mchwa, ambao hawakufunzwa adabu hiyo, hukitumia badala yao.

Faraja ya tatizo hili ilitoka mahali pasipotazamiwa. Mwaka 2011 Kibabii ilipata chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na mwaka 2015 chuo hicho kikapewa hati ya kujitegemea; wanafunzi wakaja kwa mamia, nao walihitaji pa kulala. Mwanafunzi mgeni hana nasaba na mwenye ua, wala mwiko wa baba na mwana haumhusu, basi aweza kuingia pale ambapo mzazi hawezi. Nilimzuru kukhu mmoja, yaani bibi kwa Kibukusu, aliyepangisha simba ya mwanawe wa pili. Kwanza alimpigia mwanawe simu akamwomba idhini, kisha akasimama nje, fimbo mkononi, akimwelekeza mjukuu wake ndani: toa kile kitanda, piga samadi ile pembe, panua dirisha lile ambalo halikuzidi upana wa sinia. “Mimi sijaingia,” aliniambia kwa taadhima kubwa, “nimeona tu kwa mlangoni.” Kodi humlipia umeme na sabuni, na usiku huwa na jirani wa kumwitikia akikohoa, faida ambayo hakuitia katika hesabu hapo mwanzo.

Ghala nayo ina kisa chake. Mahindi ya Bungoma na Trans Nzoia hupandwa mvua za Machi na Aprili zinapoanza, yakavunwa kuanzia Oktoba. Na mtu akisha kuuza au kula akiba yake, ghala hukaa tupu miezi mingi. Wako waleleao vifaranga humo, na wako waoteshao uyoga juu ya magunzi, ambayo ni takataka isiyokwisha katika nchi hii. Lakini hadhari ni wajibu. Ghala iliyonyunyizwa dawa ya fukusi yapasa kufagiliwa, kuoshwa na kuachwa ipigwe na upepo kabla kiumbe chochote hakijaingia. Kifaranga wa wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na walio wengi huwatilia jiko la makaa. Jiko hilo katika chumba kisicho na tundu la hewa huua kuku na mchungaji wake pamoja, bila harufu wala kelele. Tena mavuno yarudipo, chumba sharti kiwe kikavu: mahindi huhitaji kushuka hadi unyevu wa asilimia 13.5 ndipo yawekwe, na ukuta uliolowa uyoga huyarudishia maji yote uliyoyaanika juani.

Habari ya sebule sitaieleza kwa urefu. Kila mtu aijua ile yenye vitambaa vyeupe juu ya makochi, ifunguliwayo kwa padri na kwa posa, ilhali watoto wafanya masomo yao jikoni machoni mwa moshi.

Mababu wa pwani walikuwa na dhana nyingine. Katika nyumba za mawe za Lamu, chumba kimoja kilikuwa cha kazi mchana na cha kulala usiku, vyombo vikapangwa katika zidaka za ukutani. Na nafasi ilipokwisha watu walijenga wikio juu ya njia, wakapata chumba bila kununua ardhi. Nyumba za Majengo mjini Mombasa nazo ziliwekwa ukumbi katikati na vyumba huku na huku, ili mwenyewe akae kimoja na vingine apangishe. Huko chumba kilipewa saa zake. Huku kwetu kimepewa mtu, naye akiondoka huondoka na ufunguo.

Sisemi simba zote zipangishwe, wala desturi ivunjwe kwa ajili ya kodi. Nasema tu, wewe uliyekwisha kuuliza bei ya lori la matofali: uzunguke ua wako kwanza, uhesabu kufuli, kisha umpigie mwanao simu.