Kabla ya Kutia Gundi, Ijue Plastiki

Wengi wetu tukisikia lori bovu, fikira huenda kwenye injini, springi na magurudumu. Lakini muulize dereva wa lori kuukuu, naye atakwambia kwamba adha nyingine imo humo ndani anamokaa. Dashibodi imepasuka, kifuniko cha saa ya mwendo kinacheza, na kishikio cha mlango kimekatika hata hatoki mpaka ateremshe kioo na kufungulia kwa nje. Hayo si mambo ya urembo. Siku lori litakaposhika moto, mlango usiofunguka kwa ndani waweza kuwa kaburi.

Lori letu la kubebea nazi kutoka Kilifi hadi soko la Kongowea ni la miaka ya themanini. Vipuri vya injini vyapatikana, lakini vya plastiki ni nadra. Basi ilinibidi nijifunze kuvitengeneza mwenyewe, na somo la kwanza ni kwamba plastiki nazo zina makabila.

Adui wa zote ni jua letu la pwani. Miale yake hukatakata minyororo midogo iliyounda plastiki, hata ikawa kavu kama ganda la yai. Ndipo gari lipitapo kwenye shimo, ufa huanza. Huo ufa, kabla ya lolote, toboa kitundu kidogo kwenye ncha yake, kwa keke nyembamba. Kitundu hicho huuzuia usiendelee. Usipoziba ufa utajenga ukuta, bwana.

Kisha tambua kabila. Ndani ya magari hutumika sana ABS na polipropilini, ambayo Mwitaliano Giulio Natta aliitengeneza mwaka 1954. Tazama nyuma ya kipande, huenda pameandikwa ABS au PP. Kama hapana maandishi, dondoshea tone la asetoni mahali pasipoonekana. ABS italainika na kunata, polipropilini haitajali.

ABS ni rahisi. Kwangua chembe za plastiki ya namna hiyo hiyo, zitie katika chupa ya kioo pamoja na asetoni, ufunike mpaka kesho. Utapata uji mzito. Upake kwa nyuma ya ufa, uache ukauke kabisa, kisha usugue kwa msasa.

Polipropilini ndiyo inayowaaibisha mafundi, kwani gundi nyingi za dukani haziishiki. Hii huyeyushwa kwa chuma cha moto kile cha kutilia risasi, ukijaza kwa ujiti wa plastiki ya kabila lake. Palipo na uzito, zamisha vipande vya waya kukatiza ufa. Wazee wetu wa Lamu hawangeshangaa: mtepe wao ulishonwa kwa kamba za nazi, bila msumari, na ukavuka bahari.

Kishikio cha mlango nacho kisitegemee gundi wala plastiki peke yake. Weka bati nyuma, ufunge kwa skrubu na nati, kwa sababu mkono hukivuta kila siku.

Jihadhari pia. Mvuke wa asetoni hushika moto upesi. Fanya kazi uwanjani, mbali na jiko na sigara. Na ile ngozi laini ya juu ya dashibodi mara nyingi ni PVC. Usiichome kamwe, maana moshi wake una asidi inayounguza mapafu.

La mwisho nawaambia mafundi. Mwenye lori hauoni upande wa nyuma wa dashibodi, anakuamini tu. Ukipaka gundi hali wajua haitashika, ukapokea ujira, hukutengeneza kitu, umeuza maneno. Mwambie kweli: hiki chatengenezeka, hiki hakitengenezeki. Pengine utakosa shilingi za leo, lakini ujira utakaoupata utakuwa wa halali, na dereva atafungua mlango wake siku atakapouhitaji.