Kijicho, Husuda na Picha za Simu

Kiswahili kina maneno kadha ya kutaja uchungu aupatao mtu aonapo neema ya mwenzake, nayo hayalingani maana. Wivu ni neno pana, hutumika hata katika mapenzi. Husuda, lenye asili ya Kiarabu, ni kutamani neema ya mwingine iondoke, hata kama mwenye kutamani hapati kitu. Kijicho ni jicho lililotiwa kiambishi cha udogo. Na donge ni kile kikwamacho kooni. Msomaji ataona ya kuwa katika haya mawili ya mwisho maradhi yametajwa kwa mwili: huingia machoni, yakakaa kooni. Shabaha ya makala haya ni kuonyesha jinsi tofauti hizo zinavyoweza kumfaa mtu atazamaye picha za wenzake katika Facebook au WhatsApp, hasa katika nchi ya dhahabu, toka Shinyanga hadi Geita.

Kujilinganisha si jambo geni. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, alieleza ya kuwa mtu akikosa kipimo cha hakika cha uwezo wake hujipima kwa watu, hasa wale walio karibu naye kwa hali. Ndiyo sababu mchimbaji wa Nyarugusu haumizwi na utajiri wa mfalme wa mbali. Humwumiza picha ya yule aliyeshika naye sururu mwaka jana, na sasa ameegemea gari jipya.

Wasukuma wana uwanja wao wa kulinganishana, yaani ngoma za mashindano za Bagika na Bagalu. Huko pande mbili hucheza mbele ya watu, kila mmoja akiona jasho la mwenziwe. Simu haina uwanja wa namna hiyo. Mwenye picha huchagua saa moja ya neema katika miezi mingi. Mtazamaji huilinganisha na siku yake nzima, pamoja na madeni na uchovu wake. Tena programu hutanguliza picha zivutazo watu, si zile zifananazo na maisha.

Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Picha huonyesha chombo kikielea; gogo na shoka havionekani. Haionyeshi duara lililochimbwa miezi mingi pasipo kutoa kitu, wala magunia ya mawe yanayogawanywa kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji, wala zebaki mikononi. Mwezi Novemba 2015, katika machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya kukwama chini ya ardhi siku 41. Hayo nayo ni sehemu ya dhahabu.

Jambo hili lina uzito wake katika mikoa hii. Asiyejua chombo kimeundwaje huwa mwepesi kusema, "Amepata kwa dawa." Imani ya kuwa utajiri hutoka kwa dawa imechangia mauaji ya watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa, na tuhuma za uchawi zimewaangamiza wanawake vikongwe; Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Hatusemi ya kuwa picha huua, bali ya kuwa maelezo ya uongo husitawi pale yale ya kweli yalipofichwa.

Basi ashikwaye na donge na afanyeje? Kwanza, alipe jina lake. Kutamani kitu kama cha mwenzake, pasipo kumtakia aondokewe, si husuda. Huweza kuwa shauku ya kazi. Lakini akijikuta anafurahia hasara ya mwenziwe, na ajue ya kuwa imekwisha kuwa husuda, nayo haijazi gunia lolote. Pili, aulize swali la fundi: kimeundwaje? Amwulize mwenyewe kwa mdomo, maana jibu mara nyingi lina deni ndani yake. Tatu, awe na daftari la mapato na gharama, ajipime kwa mwaka wake uliopita. Nne, alipumzishe jicho: programu nyingi humruhusu mtu kunyamazisha picha za rafiki pasipo kuvunja urafiki.

Naye atoaye picha ana wajibu. Akionyesha gari, na ataje pia miaka aliyokaa chini ya duara. Mwenzake atakayeisoma habari hiyo nzima atakuwa amepata cha kujifunza.